Protoni au viini vizito, Centaurus A au M82: usimame upande gani kwenye mdahalo wa mionzi ya kosmiki

Klabu moja ya sayansi hapa Moshi imejitwisha mada nzito ya mdahalo: mionzi ya kosmiki yenye nishati kubwa kupita zote inatoka wapi, na imeundwa na nini? Wapinzani wao ni klabu ya Arusha. Tangu mada itangazwe simu yangu haipumziki, maana kila kijana wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) anataka nimnong'oneze upande wenye ushindi. Nimeona heri niziweke hoja za pande zote hadharani, wazisome wote, kila timu ichague mzigo inaouweza.

Tuanze na kinachobishaniwa. Mionzi ya kosmiki ni chembe zenye uzito: viini vya atomu vilivyovuliwa elektroni zake, vinavyotufikia kutoka angani kwa kasi inayokaribia ile ya nuru. Vingi ni protoni, yaani kiini cha haidrojeni. Vilivyobaki ni heli, kaboni, oksijeni na kuendelea hadi chuma. Victor Hess wa Austria ndiye aliyeonyesha, mwaka 1912, kwamba asili yake ni juu. Alipanda kwa puto hadi mita 5,300 hivi, akakuta vifaa vyake vinasoma mionzi mingi kuliko ardhini, na mwaka 1936 akapewa Tuzo ya Nobel. Waongozaji wetu wa Kilimanjaro hupita kimo hicho kwa miguu, usiku wa manane, kati ya Kibo Hut na Gilman's Point, huku wakimhimiza mgeni "pole pole", na Nobel hawajaisikia.

Mionzi ya nishati ndogo haina ugomvi mkubwa. Wataalamu wengi wanakubali kwamba sehemu kubwa inazalishwa humu humu ndani ya Njia Nyeupe, galaksi yetu, kwenye mabaki ya nyota zilizolipuka. Vita iko juu kabisa, kwenye chembe zinazopimwa kwa EeV. Elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati kinachotumika kwa chembe, na EeV moja ni elektronivolti bilioni bilioni. LHC, mtambo wa kugonganisha chembe wa maabara ya CERN huko Ulaya, huipa protoni elektronivolti trilioni 6.8, chembe ya EeV 100 inaizidi hiyo karibu mara milioni 15. John Linsley alinasa chembe ya kiwango hicho mwaka 1962 huko Volcano Ranch, New Mexico. Tarehe 15 Oktoba 1991 darubini za Fly's Eye, jimbo la Utah, zikaona moja ya EeV 320. Hizo ni jouli 51, zinazotosha kuinua kilo tano mita moja kutoka chini, na zote zimebebwa na chembe moja isiyoonekana hata kwa hadubini. Tarehe 27 Mei 2021, Utah hiyo hiyo, ikaja nyingine ya EeV 244 iliyopewa jina la Amaterasu.

Tatizo ni uchache wake. Zenye EeV 60 na kuendelea huanguka takriban moja kwa kila kilometa ya mraba katika miaka 100. Sakafu ya kreta ya Ngorongoro ina kilometa za mraba 260 hivi. Ungeitandaza vifaa yote, faru na nyumbu wakikuvumilia, ungeambulia mbili au tatu kwa mwaka. Ndiyo maana ubishi haujaisha, na ndiyo maana mada hii inafaa mdahalo: kila upande una data, na hakuna mwenye nyingi za kutosha.

Chagua chembe kabla ya chanzo

Timu nyingi zitakimbilia chanzo kwanza, kwa sababu ndipo penye utamu: mashimo meusi, nyota zinazogongana, milipuko. Nawashauri msianzie hapo. Ukisimama mbele ya majaji ukasema "zinatoka Centaurus A", galaksi ya jirani, swali la kwanza la mpinzani mwenye akili litakuwa "chembe gani?", na usipokuwa na jibu hoja yako imekwisha. Chaji ya chembe, yaani moja kwa protoni na 26 kwa chuma, ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata.

Inaamua, kwanza, chanzo kinaweza kuirusha kwa nguvu kiasi gani. Michael Hillas aliliweka jambo hili wazi mwaka 1984: ili chembe iendelee kuongezewa kasi, ni lazima uga sumaku wa mahali hapo uweze kuizuia isitoroke. Kwa hiyo nishati ya juu kabisa inategemea ukubwa wa eneo, nguvu ya uga sumaku, na chaji. Eneo lenye uwezo wa kuipa protoni EeV 5 tu litakipa kiini cha chuma EeV 130. Ona tofauti hiyo inavyobadilisha orodha ya watuhumiwa. Ukisema ni protoni, unahitaji mitambo ya kutisha ambayo ulimwengu una michache mno. Ukisema ni viini vizito, watuhumiwa wa kawaida kabisa wanaingia kizimbani.

Inaamua pia chembe imepinda kiasi gani njiani. Protoni ya EeV 60 ikikatiza uga sumaku wa Njia Nyeupe hupinda nyuzi chache tu, hivyo ukiangalia ilikotokea unaona karibu na kwao. Chuma cha nishati ile ile hupinda mara 26 ya hapo. Hicho kinaweza kuonekana kimetoka kaskazini kumbe kilitoka kusini.

Tena kuna safari yenyewe. Mwaka 1965 iligunduliwa kwamba ulimwengu mzima umejaa mwanga hafifu wa mawimbi ya maikro uliobaki tangu mwanzo wake. Mwaka uliofuata Kenneth Greisen huko Marekani, na Georgiy Zatsepin na Vadim Kuzmin huko Urusi ya Kisovieti, wakapiga hesabu na kuona kwamba protoni yenye zaidi ya EeV 50 hivi itagongana na fotoni, yaani chembe, za mwanga huo, itengeneze chembe za pioni, na kupoteza nishati kila inapogonga. Chuma hakikutwi na balaa hilo kwa namna ile ile. Kiini chake kina nyukleoni 56 (protoni na nyutroni kwa pamoja), na EeV 100 zikigawanywa kwa 56 kila moja inabaki na chini ya EeV 2, isiyotosha kutengeneza pioni. Balaa lake ni jingine: fotoni humbandua vipande, nyukleoni baada ya nyukleoni. Heli huvunjika upesi zaidi. Chembe iwe ipi, zile za juu kabisa haziwezi kuwa zimetoka mbali sana. Miaka-nuru milioni mia kadhaa ndiyo ukomo wake. Katika kosmolojia huo ni ujirani.

Protoni dhidi ya viini vizito

Hakuna anayeishika chembe yenyewe. Inapoingia angahewa hugonga kiini cha nitrojeni au oksijeni, mgongano huo huzaa chembe nyingine, nazo hugonga na kuzaa, mpaka yanateremka manyunyu ya mabilioni ya chembe yaliyotanda kilometa kadhaa. Pierre Auger, Mfaransa, aliyatambua manyunyu haya mwaka 1938. Manyunyu hukua, hufika kilele, kisha hufifia. Mahali pa kilele hupimwa kwa kiasi cha hewa iliyopitiwa, kwa gramu kwa kila sentimeta ya mraba, na hapo ndipo utambulisho wa chembe ulipofichwa.

Kiini cha chuma hutenda kana kwamba nyukleoni 56 zimeingia pamoja, kila moja na sehemu yake ndogo ya nishati. Manyunyu yake yanakomaa mapema, juu. Ya protoni yanazama zaidi. Kwa chembe ya EeV 10, hesabu za kompyuta huweka kilele cha protoni karibu na gramu 800 na cha chuma karibu na 700. Kuna alama ya pili ambayo wengi huisahau: protoni hutofautiana sana moja na nyingine, kwa gramu 60 hivi, kwa kuwa kila kitu kinategemea mgongano wa kwanza umetokea wapi. Chuma, kwa kuwa ni 56 kwa pamoja, hubadilika kidogo, kama gramu 20 na kitu. Ukiwa na wastani pamoja na mtawanyiko, unaweza kumbana mtuhumiwa pande mbili.

Anayetetea protoni ana hadithi safi. Protoni ndiyo nyingi kuliko vyote ulimwenguni. Idadi ya chembe huporomoka karibu na nishati ile ile waliyoitabiri Greisen na wenzake, na kifaa cha HiRes cha Utah kilisoma vilele vilivyofanana na vya protoni. Zaidi ya hayo protoni hunyooka, kwa hiyo anayeitetea anaweza kuonyesha angani kwa kidole.

Anayetetea mchanganyiko ana vipimo. Kituo cha Pierre Auger, huko Argentina, kinaona chembe zikiwa nyepesi kiasi karibu na EeV 2, halafu kadiri nishati inavyopanda kilele kinabaki juu kuliko protoni zingetaka, na mtawanyiko unapungua. Kwenye EeV 10 wastani uko karibu na gramu 750, katikati kabisa ya mistari miwili. Mapema 2025 kituo hicho kilitoa matokeo ya mtandao wa kompyuta uliofundishwa kusoma kilele kutoka kwenye vifaa vya ardhini, ukiwa na matukio takriban mara kumi ya yale ya darubini, na mwelekeo ulibaki ule ule: uzito unaongezeka. Sasa hapa ndipo penye makali ya hoja. Kama chembe zinazidi kuwa nzito, basi ule mporomoko wa idadi unaoanza EeV 46 huenda hausababishwi na mwanga wa ulimwengu peke yake. Huenda vyanzo vyenyewe vimeishiwa nguvu: protoni zinaishia mapema, heli baadaye, kaboni na wenzake baadaye zaidi, kila moja kwa chaji yake.

Upande huu nao una jeraha, na mpinzani akilijua atalibonyeza. Tafsiri ya kilele inategemea mifano ya kompyuta ya migongano ambayo hakuna mtambo wa duniani uliowahi kuifikia. Mifano hiyo tunajua ina kasoro, kwa sababu manyunyu halisi yana muoni (ndugu mzito wa elektroni) nyingi kuliko inavyotabiri. Ukitetea uzito, litaje jeraha hilo mwenyewe kabla hujatajiwa.

Mimi naona mchanganyiko unashinda, na si kwa pointi chache. Ila msiseme "ni chuma". Hakuna aliyethibitisha chuma tupu. Data zinapendelea viini vya kati, familia ya kaboni na nitrojeni, zikielekea uzito zaidi huko juu. Kijana mmoja wa Moshi aliniandikia, "Mwalimu, tukisema chuma si inasikika vizuri zaidi?" Inasikika vizuri, na jaji anayesoma atawakata alama.

Auger au Telescope Array: data za nani?

Hivi ndivyo vituo viwili vikubwa, kimoja kusini na kingine kaskazini. Auger kiko karibu na mji wa Malargüe, jimbo la Mendoza: kilometa za mraba 3,000, vifaa vya ardhini 1,660 vilivyoachana kilometa moja na nusu, na darubini 27 zinazotazama hewa ikimetameta. Kila kifaa ni tangi la plastiki mithili ya simtank kubwa iliyoko nyuma ya shule zetu, lenye lita 12,000 za maji, kipenyo chake mita 3.6, ndani giza totoro. Muoni ikipita majini kwa kasi kuliko nuru inavyopita majini humo, hutoa mmweko wa buluu, na macho matatu ya kielektroniki yaliyo juu ya maji huunasa. Maji hayo husafishwa mpaka yawe safi kuliko ya kunywa, kwa sababu yanatakiwa yakae humo miaka mingi bila kuchafuka. Kwa sisi tunaoyajua maji ya Arusha na floridi yake, hiyo kazi ya kuchuja peke yake ni mradi.

Telescope Array kiko Utah. Kina kilometa za mraba 700 hivi na vifaa 507 vya plastiki inayometa chembe ikipita, kila kimoja mita tatu za mraba, vimeachana kilometa 1.2. Upanuzi wa kukifikisha mara nne ya eneo hilo umeanza. Kilianza kukusanya data mwaka 2008, Auger mwaka 2004.

Kwa wingi wa data Auger haina mpinzani. Kwa anga ya kaskazini huna budi kwenda Telescope Array. Kuhusu aina ya chembe, kaskazini wamezoea kusoma uwepesi na kusini uzito, lakini vikundi vya pamoja vya vituo hivi viwili vilipokaa kulinganisha vipimo vilikuta tofauti hiyo inaingia ndani ya makosa ya kipimo. Kwa hiyo asije mtu akajenga hoja yake yote juu ya "Marekani wamesema hivi, Argentina wamesema vile". Tofauti ya kweli ni nyingine: mporomoko wa idadi unaanza juu zaidi upande wa kaskazini, na hilo halijapata maelezo ya kuridhisha.

Kuna swali ambalo najua litaulizwa na mtu wa Moshi: kwa nini kifaa kama hiki kisiwekwe Kilimanjaro? Kwa chembe hizi, mlima ni mrefu mno. Uhuru, mita 5,895, una karibu nusu tu ya hewa iliyopo usawa wa bahari, kama gramu 500 juu ya kichwa. Manyunyu ya EeV 10 yanafika hapo hayajakomaa. Auger na Telescope Array viko kwenye mita 1,400 hivi, penye gramu 870 za hewa, ili kilele kiwe kimepita juu kidogo tu. Mita 1,400 ni kimo cha mjini Arusha. Watu wa Arusha wanaweza kuitumia hiyo kuchokoza, ruksa.

Vyanzo: wa kuachwa na wa kupiganiwa

Wengine niwapitishe haraka. Nadharia kwamba chembe hizi ni mabaki ya maada nzito ya kale inayooza ilipendwa miaka ya 1990, lakini ingetupa fotoni nyingi za nishati hizo hizo, na Auger imezitafuta bila kuzipata kwa kiwango kilichotabiriwa. Msiichukue. Njia Nyeupe yenyewe? Mwaka 2017 Auger ilichapisha matokeo ya chembe zaidi ya 30,000 zenye EeV 8 na kuendelea: upande mmoja wa anga una nyingi zaidi, tofauti ya asilimia 6.5, na upande huo uko nyuzi 125 hivi kutoka kitovu cha galaksi yetu. Matokeo hayo yana nguvu ya sigma 5.2 (sigma hupima jinsi ilivyo vigumu matokeo kuwa bahati tu), na sigma tano ndiyo desturi ya kuita kitu ugunduzi. Zingekuwa za kwetu zingeelemea kitovuni. Milipuko ya miale ya gama iliumizwa mwaka 2012, pale IceCube, kifaa kilichozikwa kwenye barafu ya Ncha ya Kusini, kilipotafuta nyutrino, chembe zisizo na chaji na karibu zisizo na uzito, zinazoandamana nayo na kutoka mikono mitupu. Milipuko hafifu ya aina hiyo bado inaweza kutetewa, lakini utatumia dakika zako zote kueleza kwa nini haionekani. Miungano ya nyota za nyutroni, nyota zinazoraruliwa na mashimo meusi, mawimbi ya mshtuko yanayozunguka makundi ya galaksi: yote yana watetezi wake, na hakuna lililo na ushahidi wa angani wa kushika mkononi.

Wanabaki wawili, na hapa sioni aibu kukaa muda mrefu.

Upande mmoja ni mashimo meusi makubwa yanayorusha mikondo ya maada kwa kasi karibu ya nuru kutoka vitovu vya galaksi. Mwakilishi wake ni Centaurus A, umbali wa miaka-nuru milioni 12 hivi. Mawingu yake ya redio yametanda zaidi ya miaka-nuru milioni moja, na ukikumbuka hesabu ya Hillas utaona kwa nini ukubwa huo ni mtaji. Waafrika tuna mkono humu: darubini za H.E.S.S. zilizoko Namibia, zilizopewa jina la yule yule Hess wa puto, ziligundua mwaka 2009 miale ya gama kutoka Centaurus A, na mwaka 2020 zikaonyesha kwamba inatoka kwenye urefu wa mkondo, maelfu ya miaka-nuru, siyo kitovuni tu. Angalizo: hiyo inathibitisha kwamba elektroni zinaongezewa kasi huko. Viini havijathibitishwa. Auger nayo inaona wingi wa chembe za juu kabisa kuelekea eneo hilo, kwa takriban sigma nne.

Upande wa pili ni galaksi zinazozalisha nyota kwa pupa, kama M82 kaskazini na NGC 253 kusini. Nyota kubwa huzaliwa na kulipuka kwa wingi, na milipuko husukuma upepo mkali nje ya galaksi. Mwaka 2018 Auger ililinganisha ramani ya chembe zake za zaidi ya EeV 39 na orodha za galaksi. Hizi za pupa zilipata sigma 4.0, zenye mikondo zilipata 2.7. Kwa takwimu tupu, hizi ndizo zinazoongoza.

Ila fungueni ramani mwangalie. Ndani ya eneo la Centaurus A kuna galaksi mbili za kundi la pili: NGC 4945 na M83. Wingi ule ule wa chembe unahesabiwa na pande zote mbili! Kinachoipa timu ya galaksi za pupa ushindi wa ziada ni nyongeza ndogo kuelekea NGC 253, ambako hakuna mkondo mkubwa wa jirani. Na kumbukeni kwamba ulinganifu wote huu unahusu kama asilimia 10 tu ya chembe, zilizobaki zimetawanyika. Kifizikia, upepo wa galaksi hizi huenda kilometa elfu moja hivi kwa sekunde, mwendo wa konokono ukiulinganisha na mkondo wa shimo jeusi, na ni vigumu kuufikisha EeV 100 bila viini vizito. Watetezi wake hujibu kwamba galaksi ni anwani tu, na mfanyakazi halisi ni kitu kilicho ndani yake: nyota changa ya nyutroni yenye uga sumaku wa ajabu, au nyota kubwa iliyolipuka kwa namna ya pekee. Ni jibu zuri, ingawa linakubali kwamba hawajui mhusika.

Kaskazini kuna doa la Telescope Array la mwaka 2014: chembe 19 kati ya 72 zenye zaidi ya EeV 57 ziliangukia duara moja la nyuzi 20 karibu na kundinyota la Dubu Mkubwa, lisilo mbali na M82. Nguvu yake ilikuwa sigma 3.4, na data zilizofuata hazikulikuza kama ilivyotarajiwa. Na yale matokeo ya Auger ya mwaka 2007, kwamba chembe 20 kati ya 27 zililingana na galaksi zenye vitovu hai, msiyatumie kabisa. Data zilipoongezeka ulinganifu ulinyong'onyea, na mpinzani atawaumbua.

Amaterasu inawatesa wote. Ukiifuata ilikotokea unaangukia eneo tupu la ulimwengu wa jirani, pasipo galaksi ya maana. Aliyechagua protoni hapa anakwama, maana protoni ya EeV 244 haipindi vya kutosha. Aliyechagua viini vizito ana pa kupumulia: ilipinda.

Kwa walioko huku: ziko galaksi zote hizi juu ya vichwa vyetu. Kutoka Arusha, Centaurus A hupanda hadi nyuzi 50 juu ya upeo wa kusini, na mwishoni mwa Mei hufika hapo mnamo saa tatu usiku, mawingu ya masika yakiruhusu. Binokula nzuri ya mwongoza watalii, mbali na taa za mji, huionyesha kama doa hafifu. M82 haipandi zaidi ya nyuzi 18 kaskazini, kwa hiyo tafuta mahali pasipo na mlima upande huo. Kwa walioko Moshi mjini, Kilimanjaro itawamegea sehemu ya anga hiyo.

Nani achukue nini

Timu yenye wazungumzaji waliotulia na wanaojua hesabu ichukue mchanganyiko wa viini pamoja na mikondo ya Centaurus A. Ningekuwa mimi mpendekezaji mkuu, hapo ndipo ningesimama. Fizikia yake inasimama hata takwimu zikilegea, na ina Namibia ndani yake.

Mkiwa na mtu mmoja anayependa takwimu kweli, anayeweza kueleza sigma bila kukimbilia fomula, chukueni galaksi za pupa. Mtakuwa na namba kubwa zaidi mezani. Mjiandae tu kwa swali la NGC 4945.

Protoni niwaachie wale wanaopenda kushambulia kuliko kujenga. Wasitetee protoni tupu. Watetee kwamba kuna sehemu ya protoni iliyofichika huko juu. Auger imeongeza mabamba ya plastiki inayometa na antena za redio juu ya matangi yake kwa ajili ya kuitafuta sehemu hiyo hiyo, na makubaliano ya kuendelea hadi 2035 yalisainiwa mwaka 2024. Silaha yao nyingine ni muoni zilizozidi: kila upande wa pili unaposema "kilele kinaonyesha uzito", wao waulize mifano ya kompyuta inaaminika kwa kiasi gani.

Vidato vya chini, wakipewa nafasi, wapewe hoja moja: chembe hizi si za galaksi yetu. Sigma 5.2, asilimia 6.5, nyuzi 125. Hakuna wa kuwapindua.

Na kabla hamjachagua, Auger iliweka wazi asilimia 10 ya data zake mwaka 2021, bure, kwa yeyote mwenye bando. Pakueni jedwali la matukio kwenye kompyuta ya maabara, chambueni yenye darubini na kina cha kilele, mchore wastani dhidi ya nishati. Mtaona wenyewe mstari unavyolala chini ya ule wa protoni, yaani kwenye gramu chache zaidi, kadiri mnavyopanda. Grafu iliyochorwa na wanafunzi, ikabandikwa ukutani siku ya mdahalo, ina uzito kuliko nukuu yoyote mtakayoisoma kwenye karatasi.